Uliza Mkalimani: Watu kumi na mmoja walicheka

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, mingi yake Nakuru, nikisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu kugeuza maneno ya watu. Barua za mwezi huu nyingi zinazungumzia simu na siasa. Nimechagua nne.

*

*Mama Mkalimani, pokea salamu zangu. Nimeolewa upande wa pili, mwaka wa kumi na nne sasa, watoto watatu. Grupu ya familia ya mume wangu ilianzishwa tulipomzika baba mkwe, iwe ya michango. Siku hizi ni ya siasa tu. Shemeji yangu mkubwa huamka saa kumi na moja alfajiri akatuma video tano, sita, kabla sijabandika chai. Jumapili iliyopita aliandika: "Walioingia kwetu kwa ndoa wajue 2027 tutakumbushana." Nilihesabu. Watu kumi na mmoja waliweka emoji ya kucheka. Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu, simu mkononi. Aliilaza kifudifudi mezani, akaomba chumvi. Nataka kutoka kwenye grupu. Nikitoka, nitaambiwa nimevunja familia. Nikibaki, naumia kila asubuhi. Nifanye nini?*
*— Mke wa Upande wa Pili, Nakuru*

Umeniandikia kurasa mbili na hukunitajia hata mara moja upande huu ni upi na ule ni upi. Nimekuelewa. Sisi tuliokuwa Nakuru Januari 2008, siku za ghasia za kikabila baada ya uchaguzi, tunajua kuzungumza hivyo.

Nianze na wale kumi na mmoja, maana naona ndio waliokuumiza kuliko shemeji mwenyewe. Wewe umewasoma kama kura: kumi na mmoja wananichukia. Mimi nimekaa miaka mingi mbele ya chumba kilichojaa watu, na nakwambia mtu hucheka mbele za watu kwa sababu nyingi. Mmoja amecheka kwa kuwa kaka mkubwa haachwi acheke peke yake. Mwingine hakusoma hata. Mwingine ameogopa akakosa la kuweka. Wapo pia waliofurahi, sikudanganyi, lakini hujui ni wangapi.

Shemeji yako naye hakukuandikia wewe. Angekuwa anakuambia wewe, angekuambia siku ile alipokuja kula kwako. Aliandikia hadhira. Neno lile lile likisemwa jikoni kwa mtu mmoja, msemaji humwona anayeambiwa, macho yakibadilika hulirudisha nusu. Kwenye grupu hamwoni mtu. Anaona vicheko tu, na vicheko humwomba aongeze chumvi kesho.

Tena zile video za alfajiri hazipiki yeye. Zimeshachujwa kwingine kabla ya kufika kwenu. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Humo tulijua kwamba kuanzia 2017 mashine inayochagua cha kumwonyesha mtu ilikuwa ikiipa emoji ya hasira uzito wa "like" tano. Kilichokasirisha kikapandishwa juu, kwa sababu aliyekasirika hajibanduki kwenye simu. Waliishusha baadaye, na Septemba 2020 wakaifanya sifuri. WhatsApp haina mashine ya kuchagua namna hiyo, lakini video iliyoshinda mashindano ya hasira kule ndiyo inayobebwa na shemeji ikaletwa kwenye grupu ya kumchangia marehemu. Itazame vizuri: ukiona mishale miwili juu yake, ujue imeshapita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ya aina hiyo haisambazwi ila kwa grupu moja au mtu mmoja kwa mara. Kwa hiyo kila asubuhi shemeji yako anawachagua nyinyi. Kidogo inachekesha ukiifikiria hivyo.

Sasa swali lako la kutoka. Wamarekani walilijaribu hili kabla ya uchaguzi wao wa bunge wa 2018: watafiti waliwalipa watu wafunge Facebook wiki nne. Waliofunga walipungukiwa na ukali wa kisiasa kiasi, wakapungukiwa na habari pia. Ungedhani basi, dawa ni kutoka. Lakini mwaka uliofuata jaribio kama hilo lilifanywa Bosnia, Julai 2019, siku zile wanapokumbuka mauaji ya Srebrenica, na kule mambo yakageuka. Walioacha Facebook kwa wiki moja waliwaona watu wa kabila jingine vibaya zaidi kuliko waliobaki, hasa wale wanaoishi katikati ya watu wao wenyewe. Ukiondoa simu, walibaki na nani? Na wa kwao tu.

Huo ndio wasiwasi wangu kuhusu grupu yenu. Wewe ndiye mtu wa upande wa pili pekee humo, au mmoja wa wachache. Ukitoka, sentensi inayofuata ya shemeji haitakuwa na "walioingia kwetu kwa ndoa", itakuwa mbaya kuliko hiyo, maana hakuna wa kuonewa haya. Wala sikuambii ukae kwa ajili ya kuwatakasa, si kazi yako. Zima mlio, acha michango iingie, usifungue kabla ya chai.

Kisha fanya haya mawili. Kwanza mume wako. Usimuulize kwa nini alinyamaza, atajitetea mpaka usiku. Mwambie ulihesabu kumi na mmoja. Basi. Mtu akijua mkewe alikaa akahesabu, chumvi haitamshuka.

Pili, mpigie shemeji simu. Usiandike. Mpigie saa nne asubuhi akiwa kazini, ambapo hana hadhira. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote, muulize watoto, kisha: "Shemeji, uliposema tutakumbushana, ulimaanisha mimi au na hawa wapwa zako?" Halafu nyamaza. Mahakamani nilijifunza kwamba baada ya swali kama hilo anayeongea kwanza ndiye aliyeshindwa. (Watoto wa kaka yake ni wapwa au ni wanawe? Wasomaji wa Pwani wataniandikia. Wengi kwetu tunasema hivyo, niacheni.)

Akijibu kwamba alimaanisha nyinyi, na akaeleza kwa utulivu atakavyofanya, hapo si suala la grupu tena. Andika aliyosema na tarehe, mwambie mume wako siku hiyo hiyo, na mjue mtaripoti wapi.

Nakuambia haya nami nikiwa na doa langu. Agosti 2017, siku ya tatu baada ya kura, niliipokea picha ya nyumba iliyoungua, na maandishi kwamba ni mtaa fulani wa hapa kwetu, jana usiku. Nikaisambaza kwa grupu tatu nikisema "tuwe macho". Jirani yangu wa mkabala ana dada kwenye mtaa ule. Alipanga nguo za watoto kwenye mifuko ya gunia, saa mbili usiku akawapandisha matatu ya Kisii, nauli ikiwa maradufu. Mjukuu wangu, miaka kumi na miwili wakati ule, ndiye aliyeikuza ile picha kwa vidole viwili. "Nyanya, angalia hili lori." Usukani ulikuwa kushoto. Haikuwa Kenya hata kidogo. Miaka yote ile mahakamani nikiapishwa kutafsiri kwa ukweli, na sikuangalia usukani. Watoto walirudi baada ya wiki mbili. Jirani hunisalimia, lakini hajanitumia picha yoyote tangu hapo, hata ya arusi.

*

*Mama, mimi ni admini wa grupu ya wanabodaboda, watu mia mbili na kitu, nilifanywa admini kwa sababu simu yangu ndiyo iliyokuwa na chaji. Mmoja ametuma sauti akitumia neno "madoadoa". Nimeambiwa nitafungwa mimi. Ni kweli?*
*— Admini kwa Bahati Mbaya, Eldoret*

Mimi si wakili, kwa hiyo chukua haya kama ya mtu aliyekaa karibu na mawakili. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 kinamlenga anayetumia, kuchapisha au kusambaza maneno ya vitisho au matusi yenye nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au yanayoelekea kuichochea. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Admini hakutajwa humo. Lakini kabla ya uchaguzi wa 2017 Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano, ile NCIC, zilitoa miongozo iliyowabebesha maadmini jukumu la kuchunga yanayoandikwa. Miongozo si sheria ya bunge, ila ukikaa umeiona sauti ile na hukufanya chochote, huna cha kumwambia mpelelezi. Ifute, WhatsApp imempa admini uwezo huo tangu 2022, lakini baki na nakala yako kwanza. Mwandikie mwenye sauti kando. Akirudia, mtoe. Na tafuta mwenzako mwenye chaji mgawane uadmini.

Kuhusu neno lenyewe. Madoadoa limo kwenye Biblia, Mwanzo 30, ambapo Yakobo alilipwa mshahara kwa mbuzi wenye madoadoa, na kwake lilikuwa neno la baraka. Kwenye Bonde la Ufa limebeba maana nyingine tangu vurugu za miaka ya tisini: watu wa makabila mengine wanaotakiwa kuondolewa. Januari 2022 Mithika Linturi, seneta wa Meru wakati huo, alikamatwa kwa kulitumia jukwaani hapo hapo kwenu Eldoret. Akaomba radhi. Aprili NCIC ikatoa orodha ya maneno 23 ya kuepukwa, madoadoa yakiwemo, na "sipangwingwi" pia, ambalo lilikuwa wimbo na vijana walikuwa wakilicheza kwenye arusi. Oktoba Linturi akawa waziri wa Kilimo. Ukiona mtu wa boda anatetemeka kwa neno ambalo mkubwa alilisema kisha akapandishwa cheo, utaelewa kwa nini watu hawaziamini orodha.

Mwenyewe sizipendi kwa sababu nyingine. Mwaka wa uchaguzi wa 2013 aliletwa mbele yetu mzee mmoja aliyesema stejini, "Mwaka huu tung'oe kwekwe mapema." Mzee alikuwa muuza miche. Hakimu alitaka Kiingereza cha kwekwe, nikampa, ni magugu. Akauliza, ni magugu kweli? Chumba kizima kikanigeukia mimi. Nikasema: Mheshimiwa, inategemea nani alikuwa amesimama pale. Wakili wa utetezi alikasirika, wa mashtaka alikasirika. Kesi ilikufa kwa kukosa mashahidi, na mpaka leo sijui mzee alimaanisha nini. Lakini swali la mashahidi ndilo lililokuwa swali la haki: nani alilisikia, na alipolisikia alienda kufanya nini. Orodha haiwezi kulijibu, na wenye nia mbaya hubadilisha neno kesho yake asubuhi.

*

*Kwa heshima zote Mama, nyinyi wazee mnapenda kusema mitandao imetugawanya. 2007 mlikuwa na TikTok? Mliuana kwa redio na SMS. Sisi 2024 tulikutana kwenye X na TikTok, hakuna aliyeuliza kabila ya mtu. Mnachoogopa si chuki, mnaogopa tunaongea.*
*— Wa 2001, Nairobi*

Umenichapa, na nusu ya kiboko ni haki yangu. Ni kweli. Mtangazaji wa redio ya lugha ya mama alifikishwa Hague, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, pamoja na aliyekuwa naibu wa rais wakati ule, William Ruto, na kesi yao ikasitishwa Aprili 2016. SMS za Januari 2008 nilizisoma kwa macho yangu. Na ni kweli Juni 2024 niliona jambo ambalo sikulitarajia maishani: vijana wakiufafanua Mswada wa Fedha kwenye TikTok kwa Kikikuyu, Kijaluo, Kikalenjin, Kikamba, kifungu kwa kifungu. Mimi nililipwa kwa kazi hiyo, nyinyi mliifanya bure na wengine wenu mliifanya vizuri kuliko mimi. Yule aliyetafsiri ushuru wa mkate kwa Kikalenjin alipata neno ambalo nililitafuta miaka. "Hatuna kabila, hatuna kiongozi, hatuna chama." Juni 25 mkaingia Bungeni, watu wakapigwa risasi, na kesho yake rais akasema hatautia saini mswada ule.

Tena unayo silaha ambayo hukuitumia. Watafiti waliobadilisha Facebook na Instagram za maelfu ya Wamarekani kwa miezi mitatu kabla na baada ya uchaguzi wa 2020, wakaondoa mashine ya kuchagua na kurudisha mpangilio wa tarehe, hawakukuta misimamo ya watu imebadilika kwa kiasi cha kupimika. Matokeo yalitolewa Julai 2023. Kwa hiyo anayesema simu peke yake ndiyo iliyotugawanya amerahisisha. Mashamba yaligawanywa kabla ya simu.

Nusu nyingine ya kiboko nairudisha. Barabara ile mliyopita nyinyi hupita na wengine, na wenye pesa waliijua zamani. Video ya 2017 iliyoonyesha Kenya ya 2020 ikiwaka moto iwapo Raila atashinda haikutengenezwa na kijana mwenye hasira, ilitoka kwa kampuni ya Texas, Harris Media. Mwaka 2021 Odanga Madung na Brian Obilo wa shirika la Mozilla walichunguza kampeni za kulipiwa kwenye Twitter ya Kenya. Waliolipwa walikuwa wakipata dola 10 hadi 15 kwa siku, kwa kazi ya kampeni tatu, na shabaha zao zilikuwa majaji na wanaharakati. Hiyo nayo huitwa maoni ya wananchi inapofika juu kwenye trendi. Siku hizi mnawaita wale "527". Mnawacheka, lakini mnawajibu, na kila jibu linawapandisha.

Kuhusu kuogopa mnapoongea: ndiyo, wapo wanaoogopa, na si wazee wa makamo yangu. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichowakamatisha watu kwa "matumizi mabaya ya kifaa". Mwaka 2017 Jaji Mativo akafuta kosa la jinai la kuharibu jina. Nilidhani hapo tumemaliza. Halafu Juni 2025 mwalimu mmoja kijana akachukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno kwenye X kuhusu mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti. Ibara ya 33 ya Katiba inasema uhuru wa kujieleza haufiki kwenye uchochezi wa vita, wa ghasia na wa chuki. Haikutaja popote kumkera mkubwa wa polisi. Mzee wa kwekwe alipelekwa kwa hakimu angalau.

Na kuna lile ambalo wewe na mimi tunapaswa kulifuatilia pamoja kwa kuwa liko mahakamani Milimani, si mbali nawe. Mtoto wa profesa Meareg Amare, mhadhiri wa kemia Mwethiopia aliyeuawa Bahir Dar Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook yaliyomtaja jina, aliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, hapa Nairobi Desemba 2022. Mwanawe anasema aliripoti machapisho yale baba yake akiwa bado hai. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Hapo anayeulizwa ni aliyejenga jukwaa na akapokea ripoti akakaa nayo. Niko upande wa swali hilo kuliko upande wa orodha ya maneno 23.

*

*Shikamoo Mama. Huku kwetu X imefungwa tangu Mei 2025, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, intaneti yote ilizimwa mpaka tarehe 3 Novemba. Nina duka la nguo, nauza kwa WhatsApp, siku hizo sikuuza hata soksi. Ndugu yangu aliye Namanga upande wa Kenya ndiye aliyekuwa redio yetu, na kila aliyepiga alikuwa na idadi yake ya waliokufa. Wanasema wamezima kuzuia uongo usienee. Je, ulizuilika?*
*— Muuza Nguo, Arusha*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa duka.

Umeshajijibu: kila aliyepiga alikuwa na idadi yake. Uganda nao walizima Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, siku kama tano, na Facebook ikabaki imefungwa. Kwetu 2008 serikali ilifikiria kuzima SMS. Safaricom ikashauri wateja watumiwe ujumbe wa kutuliza badala yake, na ndivyo ilivyofanyika. Ujumbe ule ulikuwa wa kawaida mno, wa kanisani, nakumbuka nilikunja uso nilipousoma. Lakini simu ilibaki wazi, na dada yangu aliyekuwa Naivasha aliweza kuniandikia: "Si kweli, tuko nyumbani, mlango umefungwa." Maneno sita. Kama ile SMS isingefika, ningeamini niliyoambiwa sokoni, na sokoni nilikuwa nimeambiwa amekufa.

Kuhusu VPN, zile programu za kukwepa kizuizi cha mtandao, sitakushauri, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya kwenu, walitaka zisajiliwe tangu Oktoba 2023 na wewe ndiye unayeishi huko. Ila andika namba za wateja wako kwenye daftari la karatasi, uwe unaweza kuwapigia. Na ndugu yako wa Namanga, siku nyingine akikupigia, kabla hajafika kwenye idadi muulize aliona mwenyewe au alisikia, na kama alisikia, ni kwa nani, na huyo alikuwa wapi.